Kijito cha Silver Bow na Deni la Shaba

Mji wa Butte, ulio katika jimbo la Montana nchini Marekani, umekaa juu ya kilima ambacho wenyeji wake walikipa, kwa majivuno yasiyokosa sababu, lakabu ya kilima kitajiri kupita vyote duniani. Na chini ya kilima hicho hupita kijito, Silver Bow kwa jina, chembamba kiasi cha kwamba mgeni anayekivuka kwa gari hana budi kuonyeshwa kwa kidole ili ajue kuwa amekivuka. Kijito hiki hushuka magharibi kwa mwendo wa maili kama 26 mpaka mabwawa ya Warm Springs, hapo kikawa mwanzo wa mto Clark Fork, ambao maji yake, baada ya safari ndefu, huingia katika mto Columbia na kuishia Bahari ya Pasifiki. Kwa muda wa karne moja kilikuwa kijito kisicho na samaki. Leo samaki wamo, na habari ya kutoweka kwao na kurudi kwao husimuliwa aghalabu kana kwamba ni maumbile yaliyojiponya yenyewe. Lakini mtu aliyezisoma hati za kesi atakubaliana nami kwamba ni habari ya deni: nani alilifanya, nani alilirithi, na ni sheria gani iliyomkamata mrithi akalipa.

Mwanzo ulikuwa dhahabu. Mwaka 1864 watafutaji waliikuta katika mchanga wa kijito chenyewe, wakauchekecha kwa makarai na kwa mifereji ya mbao hata ukawa hauna kitu. Ikafuata fedha, iliyoandamwa ndani ya mwamba katika miaka ya 1870. Kisha, mwaka 1882, katika mgodi wa Anaconda ambao Marcus Daly aliununua kwa tamaa ya fedha, wachimbaji wakaangukia mshipa wa shaba wenye unono usiopata kuonekana, na hayo yakatukia wakati uleule ambapo miji ya Marekani na Ulaya ilianza kutandazwa nyaya za taa na za simu, zote zikitaka shaba. Daly alikuwa na mpinzani, William Clark, mtu wa benki aliyekuja kuwa seneta, na uhasama wao umeandikiwa vitabu. Mimi sitaugusa, kwa kuwa kijito hakikuona tofauti baina ya uchafu wa huyu na uchafu wa yule.

Shaba haitoki ardhini ikiwa shaba. Hutoka ikiwa mtapo, na mtapo hauna budi kusagwa, kuoshwa na kuyeyushwa, kazi zinazotaka maji mengi na mahali pa kutupa yasiyotakiwa. Basi vinu na matanuri yakajipanga kando ya Silver Bow, la Parrot, la Colorado, la Clark mwenyewe na mengine, yakivuta maji kijitoni na kukirudishia uji wa mawe yaliyosagwa, ule ambao wachimbaji wetu wa Geita na Kahama huuita marudio. Wengine walichoma mtapo wazi, umepangwa tabaka kwa tabaka na magogo, ukafuka siku nyingi mfululizo, hata ikawa siku za baridi taa za njiani huwashwa mchana. Mwaka 1889, katika baraza la kutunga katiba ya Montana, Clark alisimama akasema kwamba moshi wa Butte una aseniki ya kutosha tu kuwapa mabibi wa mji uzuri wa ngozi. Mabibi wenyewe hawakuulizwa, kwa kuwa hawakuwa na viti katika baraza hilo.

Yafaa hapa kueleza jinsi jiwe linavyoua samaki, maana watu wengi hudhani kwamba sumu ya migodi ni kitu kilicholetwa kutoka nje kikamwagwa, mathalani zebaki au sianidi, ilhali sumu ya Butte ilikuwamo mwambani tangu kuumbwa kwake. Katika mtapo ule shaba imefungamana na chuma na kiberiti. Mwamba huo ukikaa chini, mbali na hewa, hukaa salama dahari na dahari. Ukisagwa ukawa unga na kulazwa ukingoni mwa maji, hewa na unyevu hugeuza kiberiti chake kuwa tindikali, tindikali hutafuna mawe yaliyosalia na kufungua shaba, zinki, kadimiamu na aseniki, na yote hayo huingia katika maji ya juu na maji ya chini ya ardhi pasipo mtu yeyote kugusa kitu tena. Wenye migodi wanaweza kufa, vinu vikabomolewa, na kazi hiyo ikaendelea yenyewe usiku na mchana. Trauti, samaki wa mito ile ya baridi, hudhurika kwa kiasi cha shaba ambacho mwanadamu angekinywa asihisi ladha yake, kwa sababu shaba humshika katika mashavu anayopumulia.

Mwezi wa Agosti, jua likiwa kali na mvua zimekata, jambo hili lilionekana kwa macho. Juu ya viwanja vitupu vya marudio, visivyoota hata nyasi, maji yaliyomo ndani ya tope hupanda juu kwa kufyonzwa na ukavu, hukauka, na kuacha ganda la chumvi lenye rangi ya buluu na kijani, la kupendeza, jepesi kuvunjika chini ya kiatu. Sehemu ya chumvi hiyo ni shaba. Ikinyesha mvua ya radi kwa muda mfupi tu, ganda huyeyuka na kuteremka mtoni kwa mkupuo mmoja. Na ndiyo maana kipimo cha maji kilichochukuliwa juma lililotangulia, hata kikiwa kizuri namna gani, hakikumfaa kitu samaki wa siku ile. Laiti wataalamu wa vipimo vya wastani wangelikumbuka hili mara nyingi zaidi kuliko wanavyolikumbuka.

Tope halikukaa Butte. Mwezi wa Juni 1908 ilikuja gharika kubwa katika bonde lile, ikayazoa marudio ya miaka mingi, ikayatandaza kandokando ya kijito na ya mto Clark Fork, na mengine ikayafikisha mpaka Milltown, maili kama 120 kutoka Butte, ambako Clark alikuwa amekamilisha bwawa la kuzalisha umeme miezi michache tu kabla yake. Bwawa likayanasa. Mashapo yaliyokusanyika nyuma ya ukuta wake yalikuja kukadiriwa kuwa zaidi ya yadi za ujazo milioni 6, na watu wakaishi jirani nayo bila habari, hata mwaka 1981 maji ya visima vya Milltown yalipopimwa yakakutwa na aseniki. Tangu 1911 kampuni ya Anaconda ilikuwa imejenga mabwawa ya Warm Springs ili tope litulie humo kabla ya kuingia mtoni, na baadaye ikawa chokaa humwagwa ndani yake ili kuvunja nguvu ya tindikali na kuzamisha metali. Lakini mabwawa hayo yaliulinda mto ulio chini yake, si kijito kilicho juu yake, ambacho kilihesabiwa kuwa bomba la kiwanda tu.

Mwaka 1955 kampuni hiyo, iliyokwisha kumeza migodi karibu yote ya kilimani, iliona kwamba mtapo uliobaki ni mnyonge usiolipa gharama ya kuufuata kwa mashimo ya chini kwa chini, ikafungua shimo la wazi, Berkeley Pit. Shimo hilo likakua hata likafikia urefu wa maili moja hivi na kina cha futi 1,780; likala mitaa ya wahamiaji, Meaderville ya Waitaliano ikiwa mojawapo; na likakikata kijito kichwa chake, kwani chimbuko la Silver Bow lilikuwa upande uleule, na mahali yalipokuwa maji yake ya juu sasa pana shimo na bwawa la topesumu. Uchimbaji katika shimo hilo ulikoma mwaka 1982, na tarehe 22 Aprili ya mwaka huo pampu zilizokuwa zikikausha mashimo ya chini zikazimwa, siku ambayo, kwa kejeli ambayo hakuna aliyeipanga, Wamarekani huiadhimisha kwa heshima ya dunia. Maji yakaanza kupanda kupitia maelfu ya njia zilizochimbwa tangu enzi ya Daly, yakajaza shimo, na ukali wake katika miaka ya kwanza ulikaribia ule wa maji ya ndimu. Shaba iliyomo ilikuwa nyingi hata ukitumbukiza chuma kikuukuu, chuma huliwa na shaba huganda mahali pake, hila iliyojulikana Butte tangu karne ya kumi na tisa na iliyowapatia watu fedha. Mwezi wa Novemba 1995 kundi la mabata bukini weupe lililokuwa likihama lilitua juu ya maji hayo kukwepa hali ya hewa, na mizoga 342 ikaokotwa; wenye dhamana ya shimo walisema kwanza kwamba ndege wale wamekula nafaka yenye ukungu. Mwaka 2016 walikufa wengine, safari hii kwa maelfu. Tangu vifo vile vya kwanza walinzi hukesha kuwafukuza ndege kwa mashua, kwa bunduki na kwa mitambo ya kelele, na nadhani ni katika kazi chache za ulinzi duniani ambazo adui anayezuiliwa ndiye anayelindwa.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe. Utajiri wa Anaconda katika karne ya ishirini haukuwa wa Montana peke yake. Sehemu kubwa ilitoka Chile, katika mgodi wa Chuquicamata, na mwaka 1971 serikali ya Salvador Allende ilipoitaifisha migodi ya shaba, kampuni ikadhoofika isiweze kusimama tena. Mwaka 1977 ikanunuliwa na kampuni ya mafuta, Atlantic Richfield, maarufu kwa jina la ARCO. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1980, Bunge la Marekani likapitisha sheria inayojulikana kwa jina la Superfund, na sheria hiyo ilikuwa na meno ambayo wanunuzi hawakuyatazamia: humshika aliyekuwa na mali iliyochafua, au aliyeirithi, hata kwa mambo yaliyofanywa kabla sheria haijazaliwa, haimtaki mdai athibitishe uzembe, na wadaiwa wakiwa wengi, yeyote miongoni mwao anaweza kubebeshwa deni lote. Mwaka 1983 Silver Bow ikaandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kusafishwa kwanza, na mwaka huohuo jimbo la Montana likafungua kesi ya kudai fidia kwa uharibifu wa maji, ardhi na viumbe. Kesi ilichukua miaka 16 kabla ya mapatano yoyote. Mapatano ya kwanza, ya mwaka 1999, yaliitoza kampuni dola milioni 215, ambazo milioni 80 kati yake ziliwekwa kwa ajili ya kuondoa marudio ya kandokando ya kijito. Mwaka uliofuata ARCO nayo ikamezwa na BP ya Uingereza, na deni likahamia London.

Wako wanasheria wanaoona kwamba hiyo ni dhuluma: vipi mtu ahukumiwe kwa tendo lililokuwa halali lilipotendwa, tena na watu waliokwisha kufa? Hoja hiyo si dhaifu, lakini hainishawishi. Katika mirathi ya Kiislamu, inayofahamika kwa kila kadhi wa mwambao huu, deni la marehemu hulipwa kabla urithi haujagawanywa, wala hakuna mrithi anayesikilizwa akisema kwamba yeye hakukopa; mwenye kupokea mali hupokea na haki za watu zilizomo katika mali hiyo. ARCO ilipokea migodi, ardhi, hati na jina. Tope la Daly na Clark lilikuwa sehemu ya tarika hiyo, na kama bei ya ununuzi haikulihesabu, hesabu ndiyo iliyokosewa.

Mfano wa mnyororo wa deni uliokatika hauko mbali nasi. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwasha tanuri lake la kwanza la shaba mwaka 1911 kando ya mto Lubumbashi, katika mji ambao wenyeji wake leo huzungumza Kiswahili kazini na nyumbani, na dohani lake refu pamoja na kilima cheusi cha mavi ya shaba vingali alama ya mji huo. Serikali ya Mobutu ilipoitwaa mali ya kampuni hiyo mwanzoni mwa 1967, ikaiweka mikononi mwa shirika lililokuja kuitwa Gécamines. Shirika hilo likaanguka katika miaka ya 1990. Vipande vyake vikagawiwa kwa ubia kwa wageni wa kila namna. Na leo mkazi wa Lubumbashi akitaka kumshitaki aliyechafua mto, hukuta kwamba wa kwanza ameondoka na fidia yake, wa pili ni serikali yenyewe, na wa tatu anadai kuwa alipofika alikuta mambo yako hivyo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la topesumu la kampuni ya Sino-Metals ulivunjika huko Chambishi, tindikali ikaingia katika kijito cha Mwambashi na kufika mto Kafue, maji ya bomba ya Kitwe yakakatwa, na serikali ikamwaga chokaa mtoni kwa mashua na kwa ndege: dawa ileile ya Warm Springs. Tanzania imejihadhari kidogo zaidi, kwa kuwa Sheria yake ya Madini ya mwaka 2010 inaweka dhamana ya ukarabati kwa wachimbaji wakubwa. Lakini dhamana hiyo haimfikii mchenjuaji mdogo anayehama na karai lake.

Turudi kijitoni. Kazi ilianza mwaka 1999 chini ya serikali ya jimbo, na asiyejua angetazamia kuona watu wakikisafisha kijito. Walikiondoa. Walikigeuza kando kwa muda, wakachimba bonde lote lililolazwa marudio mpaka wakafikia udongo usio na sumu, wakabomoa hata matuta ya zamani ya reli, kwani reli iliyoandamana na kijito ilikuwa imejengwa juu ya taka zilezile. Wakaleta udongo mpya, wakachora njia mpya ya maji yenye kona na vilindi, wakapanda nyasi na mierebi, ndipo wakairudisha mikondo. Wakaenda hivyo kutoka juu kwenda chini, sehemu baada ya sehemu, kwa muda wa miaka kama 15. Kwa hiyo kijito anachokiona mpita njia leo, pamoja na uzuri wake, ni jengo. Kilichorejea kwa hiari yake ni samaki, na hao walitokea katika kijito tanzu cha German Gulch, ambako trauti wa asili walikuwa wamejificha miaka yote juu ya mahali palipoharibika. Wasingalikuwako, fedha zote zile zingalijenga mfereji mzuri mtupu.

Kisha ukatokea ugonjwa wa pili, uliokuwa umefunikwa na wa kwanza. Maji ya vyoo vya Butte, baada ya kusafishwa nusu, yalikuwa yakimiminwa ndani ya Silver Bow, na maadamu shaba iliua kila kitu hakuna aliyejali; shaba ilipopungua ikadhihirika kwamba amonia na upungufu wa hewa ndani ya maji vinatosha peke yao kumzuia trauti asikae karibu na mji. Hapo hapakuwa na kampuni ya kushitakiwa. Mji wenyewe ulilazimika kujenga upya mtambo wake, na nimependezwa kuona kwamba watu waliokuwa hodari wa kuitukana ARCO walipunguza sauti walipoletewa ankara.

Na tope lilikwenda wapi? Swali hili halipendwi katika sherehe. Sehemu kubwa ya marudio ya kijito ilipakiwa katika mabehewa ya reli na kupelekwa kwenye mabwawa ya zamani ya Anaconda karibu na kijiji cha Opportunity, ambacho kampuni yenyewe ilikianzisha. Na ukuta wa Milltown ulipofunguliwa tarehe 28 Machi 2008, mamilioni ya yadi za mashapo yake yalifuata njia hiyohiyo. Hoja ya wahandisi ilikuwa sahihi: pale pana maelfu ya ekari za taka tayari, na ni bora uchafu ukae mahali pamoja pakavu kuliko kutawanyika katika maji. Watu wa Opportunity nao walikuwa na hoja, kwamba mji wa Missoula, jirani wa Milltown, wenye chuo kikuu na wapiga kura wengi, umepata mto mpya, nao wamepata mlima wa pili. Sioni jinsi ya kuikanusha hoja yao, ila nasema tu kwamba metali haiteketei, na kila usafishaji wa mgodi ni uamuzi wa nani ataishi jirani nayo.

Mabishano makali zaidi yalibaki mjini, katika maili ya juu kabisa ya kijito. Hapo, chini ya ardhi mahali lilipokuwa tanuri la Parrot, palilazwa marudio yanayonyonyesha sumu maji ya chini. Serikali kuu iliamua mwaka 2006 kwamba yaachwe palepale na maji yake yatekwe kwa mabomba, jimbo la Montana likashikilia kwamba yachimbwe, na mwishowe likaanza kuyachimba lenyewe kwa fedha za fidia. Hata hadhi ya kipande hicho ilibishaniwa, kwa sababu katika hati kilikuwa kimeandikwa kuwa mfereji wa maji ya mvua, na mfereji haudaiwi samaki. Wananchi wakaenda mahakamani, na mwaka 2015 hakimu akatamka kwamba ni kijito cha Silver Bow. Mapatano makubwa ya mwaka 2020 baina ya serikali na kampuni yameahidi kuondoa taka zaidi na kutengeneza upya ukingo wa kijito ndani ya mji, lakini pamoja na ahadi hizo yameleta msamaha: viwango vya jimbo vya shaba na zinki katika maji ya wakati wa mvua vimewekwa kando, vikachukuliwa vya shirikisho vilivyo hafifu zaidi. Nami nimekwisha eleza mvua hufanya nini katika bonde lile.

Linalobaki ni shimo. Tangu mwaka 2019 maji ya Berkeley hupampiwa, husafishwa kwa chokaa na kumiminwa katika Silver Bow, ili yasipande yakafikia kimo ambacho yangeanza kuvuja kuelekea mjini. Na kazi hiyo haina tarehe ya kumalizika, kwa kuwa mwamba uliofunguliwa hauna tarehe ya kuacha kutoa tindikali. Wajibu wa kampuni umeandikwa kuwa wa daima. Kampuni ya Anaconda, tangu Daly aliponunua mgodi wake mpaka siku ilipouzwa kwa ARCO, haikutimiza miaka 100, na ARCO ilikaa miaka 23 kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo ningeona heri fedha za pampu hizo ziwekwe amana mikononi mwa jimbo, zikizaa, kuliko kuzitegemea mwaka hata mwaka katika vitabu vya kampuni ya mafuta ambayo huenda mwishoni mwa karne hii isiwe na mafuta ya kuuza.